Warsha ya Solda Mtaani: Namna ya Kuiandaa

Taa ndogo ya sola ikikataa kuwaka, mara nyingi kilichoharibika si paneli wala balbu. Huwa ni waya mmoja uliochomoka penye bodi, swichi iliyolegea, au kiungo kilicholiwa na kutu. Kwa mtu anayejua kutumia chuma cha solda, kuurudisha waya huo ni kazi ya dakika tano. Kwa asiyejua, taa huishia juu ya kabati, na koroboi hurudi mezani pa mtoto anayesoma.

Kwale jambo hili lina uzito wake. Kaunti hii ni moja ya kaunti 14 zilizowekwa katika KOSAP, mradi wa serikali ya kitaifa uliofadhiliwa na Benki ya Dunia wa kufikisha umeme wa jua katika maeneo yaliyo mbali na nyaya za stima. Nje ya mradi huo, ziko familia za Kinango, Ndavaya na Mwereni zilizojinunulia taa na redio za sola dukani, au kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu. Vifaa vimefika vijijini. Mafundi wa kuvitengeneza ni wachache, na nauli ya kwenda Ukunda au Mombasa na kurudi yaweza kuzidi bei ya taa yenyewe.

Warsha ya solda ni njia moja ya kupunguza pengo hilo. Haihitaji maabara. Inahitaji chumba chenye hewa, meza imara, vifaa vichache vizuri, na fundi mmoja au wawili wenye subira. Wanaoweza kufaidika ni wengi: wanafunzi wa vilabu vya sayansi wanaotengeneza vifaa vya kupeleka kwenye maonyesho ya KSEF, wavuvi wa Gazi na Shimoni ambao tochi zao hufa kwa chumvi, wanachama wa vikundi vya akina mama wenye taa za sola, na wale tu wanaopenda kufungua redio ili kuona ndani mna nini.

Waandaaji waseme mapema warsha hii ni nini na si nini. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Anayetaka kazi ya umeme na elektroniki iwe mkate wake aende huko, kisha afanye mtihani wa ufundi wa NITA. Warsha ya siku moja haimfanyi mtu fundi na haitoi cheti. Tangazo liseme hivyo waziwazi. Liseme pia kama kuna nauli na chakula au hakuna, maana swali hilo litaulizwa hata tangazo likinyamaza.

Watu wangapi?

Hapa ndipo mipango mingi huharibika. Ukumbi una viti 50, basi wanaalikwa watu 50, na mwishowe 45 wanatazama migongo ya watano walioshika vyuma. Kazi ya solda hujifunzwa kwa mkono, haijifunzwi kwa macho. Kwa mara ya kwanza watu 12 wanatosha, wakikaa wawili wawili kwa vyuma 6. Mmoja anachoma, mwenzake anashika waya na kutazama, kisha wanabadilishana. Anayesubiri zamu yake naye anajifunza, kwa kuwa kosa la mwenzake huliona kabla yeye hajalifanya.

Kila watu sita wawe na msimamizi mmoja aliye huru kabisa. Fundi anayefundisha mbele hahesabiwi, kwa sababu hawezi kuona mkono wa mtu aliye nyuma. Mafundi wa simu na redio wa Ukunda, Msambweni na Kwale mjini ndio walimu wa karibu, na wengi wao hawajawahi kusimama mbele ya darasa. Inafaa wakutane siku moja kabla ili wakubaliane juu ya hatua na majina ya vitu. Mmoja akisema risasi na mwingine akisema solda kwa waya ule ule, mgeni wa kazi atadhani ni vitu viwili.

Wakati nao una hesabu yake. Jumamosi asubuhi hufaa watu wengi kuliko Ijumaa, na kipindi kikatwe ili watu wapate sala ya adhuhuri bila kukimbizana. Mwezi wa Ramadhani ni bora uachwe, kwa sababu kazi hii inataka jicho na mkono uliotulia. Wanafunzi hupatikana likizo za Aprili, Agosti, na mwisho wa mwaka.

Chumba, upepo na stima

Ukumbi wa kijamii, darasa au chumba cha chuo cha ufundi vyote vinafaa, mradi madirisha yafunguke pande mbili. Kuomba ukumbi wa umma, pa kuanzia ni ofisi ya msimamizi wa wadi. Pwani ina bahati ya upepo: kusi huvuma katikati ya mwaka na kaskazi huvuma mwisho na mwanzo wa mwaka, hivyo meza zipangwe upepo upite ubavuni mwa mshiriki na kuuchukua moshi. Upepo ukimjia mtu kisogoni, moshi huzunguka na kumrudia usoni. Siku isiyo na upepo, feni ndogo iwekwe pembeni ivute moshi kuelekea dirishani.

Juu ya stima watu huogopa kisichoogopesha. Chuma kimoja cha wati 60 kwenye umeme wa volti 240 huvuta robo ya ampea. Sita kwa pamoja ni wati 360, yaani ampea moja na nusu, na pasi moja ya nguo huvuta zaidi ya hapo. Ukumbi hautalemewa. Hatari iko kwenye soketi zilizolegea, nyaya za kurefusha zilizochunika, na plagi zenye fyuzi ya ampea 13 mahali ambapo fyuzi ya ampea 3 ingetosha. Iko pia kwenye waya wa chuma chenyewe, ambao ukiguswa na ncha ya moto huyeyuka na kuacha shaba wazi. Kila waya ukaguliwe kwa jicho na kwa kidole kabla ya kuchomekwa, na ulioonyesha shaba uwekwe kando siku nzima, hata kama umezungushiwa selotepu.

Nyaya za kurefusha zisipite mahali watu wanatembea. Na stima ikipotea katikati ya kazi, kila chuma kizimwe kwenye soketi, ili stima ikirudi kisipate moto peke yake juu ya meza ambayo watu wameiacha. Muda huo unaweza kutumika kufungua taa mbovu na kutafuta kosa kwa mita.

Vifaa

Chuma kizuri ni kile chenye kirekebisho cha joto. Cha bei ya chini kabisa kisicho na kirekebisho huzidi moto, ncha yake huungua ikawa nyeusi, na solda haishiki. Mshiriki hudhani mkono wake ndio mbovu. Kila chuma kiwe na kishikio cha kukilaza na sifongo yenye maji kidogo ya kufutia ncha. Sifongo iliyolowa chepechepe hupoza ncha kila inapofutwa.

Mbali na hivyo panahitajika koleo ya kukatia, kibanio, mita ya kupimia umeme, miwani ya kukinga macho, na kifyonzeo cha kuondolea solda ya zamani. Mita mbili au tatu zatosha kwa watu 12. Miwani iwe ya kila mtu, kwa sababu mkia wa waya unaokatwa na koleo huruka, na unaweza kumwingia jichoni aliyekaa upande wa pili wa meza.

Asiyepata vifaa Ukunda hupata Mombasa, na ambavyo Mombasa haina hupatikana Luthuli Avenue, Nairobi, na kutumwa kama mzigo wa basi. Solda inunuliwe ya elektroniki, nyembamba, ya unene wa milimita 0.8 au karibu na hapo, yenye fluksi ndani, yaani utomvu wa msonobari unaosafisha shaba wakati wa kuchoma. Fluksi ya mafundi wa mabomba isiingie chumbani. Ina asidi inayobaki kwenye bodi na kuila polepole baada ya taa kurudi nyumbani.

Risasi

Solda ambayo mafundi wengi wameizoea ni bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, hutiririka vizuri, na humsamehe anayejifunza. Ipo ya pili isiyo na risasi, ya bati na shaba kidogo, inayoyeyuka kwenye nyuzi 227 hivi. Hii huhitaji chuma chenye moto zaidi na mkono mwepesi zaidi, na bei yake huwa juu.

Risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake ndani ya damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio huumia zaidi, kwa sababu hudhuru ubongo unaokua. Pwani haihitaji mfano wa mbali: katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na risasi iliyotoka kwenye kazi ya kuyeyusha betri za magari, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, katika kesi iliyokuja kupanda hadi Mahakama ya Juu. Kile kilikuwa kiwanda, na kilo moja ya solda juu ya meza si kiwanda. Lakini sumu ni ile ile, na mazoea mabaya ya mwaka mzima hujumlika.

Wengi huogopa moshi wakidhani ndio wenye risasi. Risasi huchemka kwenye nyuzi zaidi ya 1,700, na chuma cha solda hakifiki hata 500, kwa hivyo moshi unaoonekana ni wa fluksi. Moshi huo nao si mzuri: huwasha macho na koo, na mwenye pumu unaweza kumwamshia shambulio. Mwenye pumu akae karibu na dirisha kabisa au asichome. Risasi yenyewe hupita njia nyingine. Hubaki kwenye vidole vilivyoshika waya, kisha vidole hushika mahamri.

Ndiyo maana chai, mahamri na viazi karai viliwe nje ya chumba cha kazi, baada ya kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Chupa ya maji ya kunywa isikae mezani. Waya wa solda usishikwe kwa meno, desturi ambayo baadhi ya mafundi wazoefu wanayo na ambayo mwalimu hapaswi kuionyesha hata kwa mzaha. Meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji jioni, isifagiwe ikiwa kavu. Watoto wadogo wasiletwe. Mama mjamzito au anayenyonyesha, na wanafunzi wa shule, wapewe solda isiyo na risasi. Bajeti ikiruhusu, ni bora chumba kizima kitumie hiyo, ili pasiwe na haja ya kukumbuka nani ana waya gani.

Mavazi yanastahili neno moja. Nguo ya pamba huungua kidogo tu, lakini ya nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Mikono mipana ya buibui au kanzu ikunjwe na kufungwa, ncha za leso na mtandio ziingizwe ndani, nywele ndefu zifungwe nyuma. Ndara zibaki nyumbani, kwani tone la solda huanguka mguuni.

Kuungua kidogo kutatokea. Kidole kiwekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na pete ivuliwe kabla kidole hakijavimba. Dawa ya meno, mafuta na majivu visipakwe. Kuungua usoni, au kwa ukubwa unaozidi kiganja, ni safari ya hospitali. Kwa walio Diani na Msambweni, ijulikane mapema ni gari au tuktuk ya nani itampeleka mtu Hospitali ya Rufaa ya Msambweni.

Siku yenyewe

Hotuba ziwe fupi. Wageni wa heshima wakitaka kusema, waseme jioni watu wakiwa na kazi zao mikononi. Asubuhi ni ya mambo mawili: usalama, kwa robo saa, halafu mkono.

Zoezi la kwanza ni kuunganisha vipande vya waya vya bei rahisi, visivyo na thamani vikiharibika. Kanuni inayotawala kila kitu ni kwamba solda hufuata joto. Ncha ya chuma huguswa kwenye waya na shaba ya bodi kwa wakati mmoja, vipate moto vyote viwili kwa sekunde moja au mbili, kisha waya wa solda huletwa kwenye kiungo, si juu ya ncha. Solda ikiyeyuka yenyewe na kuenea, waya wa solda hutolewa kwanza, chuma baadaye, na kiungo huachwa kipoe bila kutikiswa. Anayeyeyusha solda kwenye ncha na kuja kuipaka kama siagi hupata donge lililokaa juu ya shaba bila kuishika. Donge hilo hudanganya. Taa huwaka siku hiyo, kisha huzimika ikipigwa na bodaboda la barabara mbovu.

Kiungo kizuri ni kidogo, na mteremko wake ni laini kama kilima kinachoshuka hadi uwandani. Cha solda yenye risasi hung'aa. Cha isiyo na risasi kinaweza kufifia hata kikiwa kizima, kwa hiyo mng'ao peke yake usitumike kuhukumu. Msimamizi akivute waya kwa kibanio taratibu. Kikikatika, kilikuwa kimekufa tayari.

Zoezi la pili liwe kitu cha kwenda nacho nyumbani. Tochi ndogo inafaa sana: kibodi chenye mashimo, taa moja nyeupe ya LED, rezista ya omu 100, swichi, na kishikio cha betri tatu za kawaida za volti 1.5. Betri hizo hutoa volti 4.5, taa hutumia kama volti 3.2, na inayobaki huzuiwa na rezista ili upite mkondo wa miliampea 13 hivi, ambao taa hauiunguzi. Hesabu hii ifanywe ubaoni mbele ya watu, polepole, kwa sababu ndiyo inayomwezesha mtu kesho kubadili betri au taa bila kuuliza. Umeme wake ni mdogo, hauwezi kumshtua mtu. Kabla ya kuweka betri, kila kazi ipimwe kwa mita kuona kama nyaya mbili zimegusana pasipotakiwa.

Kwa kujisomea, kipo kijitabu cha katuni kiitwacho Soldering is Easy, cha mwaka 2011, kilichotungwa na Mitch Altman, Andie Nordgren na Jeff Keyzer. Leseni yake inaruhusu kukinakili na kukisambaza bure, na picha zake zinaeleweka hata na asiyesoma Kiingereza.

Chumvi

Sehemu hii haimo kwenye vitabu vingi, na kwa mkazi wa Tiwi, Kinondo au Vanga ndiyo yenye faida kubwa. Hewa ya baharini hugeuza shaba kuwa kijani, na ukijani huo hupanda ndani ya waya chini ya plastiki. Solda haishiki shaba ya kijani hata chuma kikiwa na moto kiasi gani. Anayejifunza huongeza moto, plastiki inayeyuka, bodi inaungua, na bado waya hauingii.

Dawa ni koleo. Waya ukatwe nyuma kidogo kidogo mpaka ionekane shaba nyekundu inayong'aa, ndipo uchunwe na kuchomwa. Ikiwa hata baada ya sentimita 10 bado ni mweusi, waya wote ubadilishwe. Shaba ya bodi isuguliwe taratibu kwa msasa laini na kufutwa kwa spiriti. Ifutwe na chuma kikiwa mbali, maana spiriti hushika moto. Kazi ikiisha na kupoa, viungo vipakwe rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka jepesi, kuzuia unyevu. Swichi na sehemu za kugusia betri zisipakwe.

Warsha iwaambie washiriki walete kifaa kimoja kibovu kutoka nyumbani, cha betri au sola. Televisheni, tanuri za maikrowevu na chochote kinachochomekwa ukutani vikataliwe mlangoni. Ndani yake zimo kapasita zinazoweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya plagi kutolewa, na maikrowevu ndiyo mbaya kuliko zote. Betri za lithiamu za taa za sola zisichomwe solda moja kwa moja. Zikipata moto zinaweza kulipuka, kwa hiyo anayehitaji kubadilisha anunue yenye vibati vya kuunganishia. Iliyovimba haifunguliwi wala haichajiwi.

Mabaki

Mikia ya waya, matone ya solda na sifongo zilizotumika ziwekwe kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na taka za jikoni. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe tangu zinapozalishwa. Bodi na betri zisizotengenezeka zikusanywe na kupelekwa kwa mwenye leseni ya NEMA. Gharama ya kuzisafirisha iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, la sivyo gunia litabaki nyuma ya ukumbi. Nyaya zisichomwe moto ili kupata shaba: moshi wa plastiki hiyo ni mkali kuliko wa fluksi kwa mbali.

Vyuma 6 vilivyobaki baada ya warsha vinahitaji mwenyewe. Vikiachwa ofisini vitafungiwa. Vikikabidhiwa klabu ya shule, kikundi kilichosajiliwa au chuo cha ufundi kwa maandishi, pamoja na daftari la kuazimisha na jina la anayeshika ufunguo, taa inayoletwa kutoka Ndavaya mwezi ujao itapata mahali pa kutengenezewa.